Mahali pa kukimbilia mto ukifurika

Ndugu wanakikundi, hamjambo. Kwa kuwa wengi wetu tunaishi karibu na Mto Mathare hapa Nairobi, naomba kila nyumba iamue leo, kabla mvua haijazidi, itakimbilia wapi maji yakipanda usiku. Mwaka 2024, mafuriko ya Aprili yalipoingia mitaani, waliokuwa wameshakubaliana mahali pa kukutana hawakupoteza muda wakibishana gizani. Chagueni mahali palipoinuka, panapofikika kwa miguu bila kuvuka mto, mtaro wala daraja, kwa maana maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya kufika magotini tu, humwangusha mtu mzima. Nyumba ya jamaa aliye mlimani ni bora kuliko shule iliyo bondeni, hata kama shule iko karibu zaidi. Wekeni pia mahali pa pili, endapo njia ya kwanza itazibwa. Mama wenye watoto wachanga na wazee wetu waondoke mapema, wasingoje maji yafike mlangoni. Jambo hili linanikosesha usingizi. Nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Tafadhali, kila mmoja aniandikie mahali alipochagua kabla ya Jumamosi jioni.