Tarehe za kliniki zifuate mbalamwezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaopanga tarehe za kliniki za VVU huku visiwani Ziwa Victoria. Mimi ni mchuuzi wa dagaa Ukerewe. Dawa nimeanza 2007, enzi za vile vidonge vilivyotutia ganzi miguuni. Leo nameza kimoja tu kwa siku, na nikipimwa virusi havionekani. Kwa hiyo dawa siilaumu. Kinachonikera ni kalenda.

Dagaa huvuliwa gizani. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, vijana wanarudi nyumbani kufua na kulala. Giza likiingia wanaondoka, wengine mpaka kisiwa cha Goziba, na wiki tatu huwaoni. Sasa mtu kaandikiwa kwenye kadi arudi tarehe 7, na tarehe 7 ni giza totoro. Tajiri wa mtumbwi hamsubiri mtu, na wengi hawataki hata ajue kuna kadi.

Kuna kijana ananiita Mama, ingawa sikumzaa. Alipewa chupa ya vidonge 30, giza likamkuta Goziba, dawa zikaisha. Kituo cha huko kikamdai barua ya uhamisho. Mwenzake wa mtumbwi akamhesabia vidonge 12 kutoka chupa yake, akavitia kwenye kiberiti kitupu. Alinionyesha kile kiberiti: vimebaki viwili, pembeni vimelika kwa unyevu. Chupa zenyewe, tuseme ukweli, wengi wanazitupa au wanazijaza pamba, maana zinalia kama kayamba na mtumbwini hakuna siri.

Aliporudi kliniki, kosa lake likawa utoro. Akakalishwa benchi hadi saa nane, akasemwa mbele za watu, akaambiwa ahudhurie ushauri nasaha mara tatu ndipo apewe dozi ndefu, ya miezi kadhaa. Mara tatu! Na mbalamwezi ilikuwa inakwisha. Akapanda mtumbwi.

Zamani angetafutwa. Mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapotia nanga, walikuwapo wahudumu wawili wa afya, waliowajua vijana kwa majina na mitumbwi yao. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha fedha, wakaambiwa wabaki nyumbani. Hawajarudi. Sasa daftari linaandika "amepotea", na mtu mwenyewe jana kaniuzia debe mbili.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Mimi ni Mkatoliki, lakini ukutani nimetundika kalenda ya msikitini, kwa sababu ndiyo inayonieleza biashara: tarehe 12 mpaka 18 za mwezi wa Kiislamu mbalamwezi imeiva, vijana wako nchi kavu. Kliniki ya wavuvi iwekwe siku hizo. Aliyetulia kwenye dawa apewe za miezi sita, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, asipewe chupa ya mwezi mmoja kama mtoto anayepimiwa sukari ya chai. Na anayefika kisiwa kingine na kadi yake mkononi apewe dawa kwanza, barua ifuate.

Yule kijana nimemrudisha kliniki mwenyewe wiki iliyopita, nikakaa naye benchi. Muuguzi safari hii alikuwa mpole. Kampa chupa ya mwezi mmoja, kamwandikia arudi tarehe 20. Nimefika nyumbani nimetazama ukutani: giza.

Mama Dagaa (jina limehifadhiwa),
Ukerewe, Mwanza