Hamisi, hizo 24 zako nimezipigia hesabu

Hamisi kaka,

Za siku? Huku tuko poa, mama anakusalimia sana. Meseji yako nimeisoma mara mbili, naona bado una kinyongo kapteni wa timu yetu ya kriketi kukushusha kwenye zamu ya kupiga, kutoka namba tatu hadi namba saba, wakati Jumamosi ulipiga mikimbio (pointi zenyewe) 24 na yule dogo aliyepandishwa alipiga 18 tu. Daftari la skoa, la kuandikia kila mpira, nilimaliza nalo mimi kwa hiyo ngoja nikwambie nilichokiona.

Straiki reti, yaani kasi yako ya kupata mikimbio, ni mikimbio yako gawanya kwa mipira uliyocheza halafu zidisha mara 100, basi. Wewe 24 kwa mipira 40 inakuja 60. Dogo 18 kwa mipira 10, hiyo 180. Na mechi yetu ni ova 20, kila ova mipira sita, yaani mipira 120 timu nzima, theluthi umekula peke yako kaka, wenzako wamekaa na pedi miguuni wanangoja.

Ila ulitaka kudhulumiwa, maana nilipopokea daftari nilikuta umeandikiwa mipira 43, kumbe wamehesabu na waidi tatu, ile mipira inayorushwa mbali mpigaji asiifikie. Waidi haihesabiwi kwa mpigaji, noboli, mpira uliorushwa kinyume cha sheria, ndo inahesabiwa, wengi wanachanganya hapo. Nikazifuta na raba.

Usidhani namba ndogo ni aibu kila mahali. Kombe la Dunia 1975 pale Lord's, Gavaskar wa India alicheza mipira 174 akapata 36 bila kutolewa, straiki reti 20 na kitu, kwa mechi ya ova 60 ilikuwa balaa, lakini mechi za siku tano uvumilivu kama ule ndo uliomfanya awe mkubwa. Sasa angalia Afridi wa Pakistan hapa hapa Nairobi, Gymkhana, Oktoba 1996 dhidi ya Sri Lanka, 102 kwa mipira 40, hiyo ni 255! Mia alifikisha kwa mipira 37 tu, mpaka leo nikipita pale naangalia ule uwanja nasema duh.

Mimi sikudai sita kaka, ile ya kupiga mpira ukavuka mpaka bila kugusa chini. Kwenye mstari wako kuna vinukta 22, mipira 22 hujapata kitu, na mingi uliigonga vizuri ukabaki umesimama. Ungekimbia mmoja mmoja kwenye 12 tu ya hiyo ungekuwa na 36, straiki reti 90, na hiyo namba tatu angekunyang'anya nani?

Jumapili saa tatu njoo neti tufanye mazoezi, nakurushia mipira 40 ile ile, daftari nakuja nalo.

Wako,
Salim