Tuchangie mkono wa mkwezi mwenzetu

Ndugu, jamaa na marafiki wa hapa Mwandiga, na ninyi wana Kigoma mlioko Dar,

Sisi wakwezi na wakamuaji wa mawese tunawapigia hodi. Mwenzetu kadondoka kutoka kwenye mchikichi baada ya kamba kumkatikia. Panga alilitupa mbali, akajikinga kwa kiganja kama afanyavyo kila anayeanguka, na uzito wote ukaishia kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa wa upande wa dole gumba ukavunjika karibu kabisa na kiganja, ukapinda kwa nyuma.

Hospitalini waliuvuta ukarudi, wakamfunga hogo. Picha ya eksirei ya wiki iliyofuata imeonyesha umeteleza tena. Daktari anataka afungwe chuma, tena mapema: zikipita kama wiki 3 mfupa huanza kuungana vilevile ulivyopinda, na kuunyoosha baada ya hapo huenda kukalazimu kuuvunja upya.

Tumesikia minong'ono: "Si mkono tu? Miguu anayo." Jamani, njooni mumwone akifunga vifungo vya shati. Dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vina ganzi, maana uvimbe unabana mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo. Zipo na kano zilizochanika, ambazo eksirei haizioni. Na mchikichi hauparamiwi kwa mkono mmoja. Wanaoshauri akandwe, shikamooni wazee wetu, lakini mfupa uliovunjika haukandwi, sembuse wenye mshipa uliobanwa.

Tunahitaji Sh. 1,900,000 za upasuaji Hospitali ya Bugando, nauli ya basi hadi Mwanza yeye na mkewe, dawa, na mazoezi ya viungo baadaye. Haya ya mwisho ndiyo watu husahau kuyachangia, kumbe mkono uliotoka kwenye hogo huwa umekakamaa, na bila mazoezi chuma chenyewe hakitamrudisha mtini. Mpaka sasa tunazo Sh. 640,000.

Mweka hazina yupo sokoni kila asubuhi na daftari lake. Toa ulichonacho, jina liandikwe ukiona. Asiye na fedha alete mawese, tutayauza kwa bei ya siku hiyo. Mlio mbali, watumieni ndugu zenu wa hapa mchango, watufikishie. Daftari linafungwa Jumamosi jioni, safari ni Jumapili alfajiri.