Barua kwa mwanangu: poti nitaitoa baada ya Idi

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili, ya pili dadako akiwa kando yangu. Wataka hii poti niliyowekewa ya kupitishia dawa ya saratani ikae kifuani miaka miwili zaidi, kwa tahadhari. Nimekusikia. Lakini nimeamua itoke, na kwa vile kwenye simu huwa twakatizana maneno, nakuandikia ili niseme mpaka mwisho.

Nianze ilivyowekwa, maana wakati ule wewe ulikuwa ushaondoka kwenda Doha. Dozi ya kwanza ya kemo nilitiwa kwa mkono wa kulia. Wa kushoto walishakataza usidungwe sindano, kwa kuwa walipoliondoa ziwa waliondoa na tezi za kwapa. Sasa ile dawa nyekundu, doxorubicin, ni kali. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Kwangu haikuvuja, alhamdulillah, ila mshipa wenyewe ulikauka ukawa mgumu kama kamba ya jahazi, na sista wa dozi ya pili akahangaika kutafuta mwingine hata mimi nikamwonea huruma. Ndipo daktari akasema tuweke poti. Ni kijikopo kidogo kilichofukiwa chini ya ngozi, chini ya mtulinga wa kulia, chenye kifuniko cha silikoni ambacho sindano yake maalumu hupenya bila kukiharibu. Kutoka hapo mrija mwembamba huingia kwenye mshipa mkubwa na kushuka mpaka karibu na moyo, ambako damu ni nyingi na dawa haikai mahali pamoja ikachoma.

Sitasahau wema wake. Kemo yote iliyobaki ilipita humo, kisha ikaja Herceptin, kwa sababu uvimbe wangu ulikuwa wa ile aina yenye protini ya HER2 kwa wingi, ambayo dawa hiyo huilenga. Hiyo hutolewa kila wiki tatu kwa muda wa mwaka mzima. Wapo wanaodungwa chini ya ngozi ya paja kwa dakika chache na kwenda zao. Mimi nilipewa ya dripu. Kwa hiyo wenzangu tulioanza nao kemo walishatolewa poti zao zamani, mimi ningali nayo, na wewe ukazoea kuniona nayo kila ukija likizo.

Sasa dripu hizo zimekwisha. Kilichobaki ni kidonge cha letrozole, cha kupunguza homoni, kila siku, kwa miaka, nacho nakimeza na maji. Pia kuna dawa ya mifupa, zoledronic acid, ambayo daktari ataka niipate kila baada ya miezi sita, maana letrozole hudhoofisha mifupa. Hiyo ni dripu ya robo saa. Hili ndilo lililonifanya nisite, wala si yale unayoyaogopa wewe. Nikamwomba sista aniangalie mkono wa kulia. Akaufunga mpira, akapapasa, akapata mshipa mzuri chini ya kiwiko, upande wa nje. Akaniambia siku hiyo ninywe maji ya kutosha na mkono uwe na joto. Mshipa mmoja mara mbili kwa mwaka, sioni kwa nini nibebe chuma kifuani kwa ajili hiyo.

Wewe wasema ikikaa haina hasara. Ina hasara, Salim. Poti isiyotumika haiachwi hivi hivi. Lazima isafishwe kwa maji ya chumvi, na kwingine hutia na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ili mrija usizibe. Wengine husema kila wiki nne, wengine huona hata miezi mitatu yatosha, inategemea hospitali. Kwangu mimi kila mara ni safari ya Malindi mpaka Mombasa na kurudi, na nikifika huenda sista anayeijua yuko mapumziko na aliyepo anaiogopa. Juzi hapa ilifanya ule ukaidi wake, maji yaingia, damu haitoki. Geuza shingo, inua mkono, kohoa, vuta pumzi. Ikakubali baadaye. Isingekubali ingebidi watie dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ndani ya mrija, tena tusubiri.

Na muda wote ikiwa ndani, hatari yake nayo imo. Damu yaweza kuganda kwenye mshipa unaopita mrija, mkono au shingo ikavimba. Vijidudu vyaweza kuingia na sindano. Mara ngapi nimewaambia hapa nyumbani kwamba nikipata homa na kutetemeka baada ya kusafishwa poti, nipelekwe hospitali usiku huo huo bila kungoja asubuhi? Siyo mambo ya kila siku, lakini nikiwa sina kazi na kitu hicho, sitaki hata hizo hatari zake ndogo.

Najua unaogopa kuchuria. Waona nikiitoa nitakuwa nimejitapa kuwa nimepona, na ugonjwa usikie. Mwanangu, poti ni njia ya kupitishia dawa. Haizuii saratani isirudi wala haiiti. Ikiwa Mungu amekadiria irudi na nikahitaji mishipa tena, wataweka nyingine. Yuko mwenzetu mmoja kliniki alitolewa, akaja akahitaji tena, akawekewa mpya upande ule ule. Hakufurahi, ni kweli, lakini hakuna aliyemwambia kuwa kuitoa ndiko kulikomponza.

Sisemi kila mtu aitoe. Yuko mama mwingine, uvimbe wake ni wa aina isiyosikia dawa za homoni wala Herceptin, ile ambayo ikirudi aghalabu hurudi katika miaka ya mwanzo. Mishipa yake ni mibaya mikono yote miwili. Daktari wake amemwambia aiache kwanza, na ningekuwa yeye ningeiacha.

Dadako naye ana wazimu wake. Alitaka itoke wiki ile ile ya dripu ya mwisho, keki ishaagizwa. Nikamwambia keki tutakula, poti ingoje. Nataka kwanza nipigwe picha ya ziwa la kulia, nifanyiwe kipimo cha moyo, kwa kuwa Herceptin huusumbua, kisha daktari anitazame na kuniambia kwa kinywa chake kwamba hakuna tena dawa ya mshipani mbele yangu isipokuwa hiyo ya mifupa. Nikisikia hivyo, itoke.

Picha ni mwezi wa Shaabani. Baada yake ni Ramadhani, na mimi Ramadhani sitaki nyuzi kifuani, nikisujudu nazihisi, na mbuzi ya nazi nimwachie nani? Dadako hukuna nazi na ganda lake. Basi ni baada ya Idi.

Yenyewe si kazi kubwa. Wanatia ganzi, wanapasua pale pale penye kovu la kwanza, wanavuta mrija, wanakandamiza shingo dakika chache damu itulie, wanashona. Mara nyingi haifiki hata nusu saa, na mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kabla yake watapima damu yangu, na nitawaambia kuhusu sukari na ile aspirini ninayokunywa. Baadaye kidonda kisilowe siku mbili tatu, na nisibebe kizito mpaka kikauke vizuri. Ndoo za maji atabeba babako, nimeshamwambia, akaitikia kwa kichwa tu kama kawaida yake.

Usibadilishe likizo yako kwa ajili hii. Njoo Idi kama ulivyopanga, ukae, uondoke. Atakayenisindikiza hospitali ni shangazi yako Mwanaisha. Pesa usitume mpaka nijue bima italipa kiasi gani. Na ukiwa na swali la kumuuliza daktari, niandikie kabla ya Shaabani kwisha, nitakwenda nalo limeandikwa kwenye karatasi, maana ya kichwani huniruka nikishakaa mbele yake.

Mamako