Cherehani ya mwenzangu iko sebuleni kwangu na usingizi umenikimbia, naombeni ushauri

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kimara, ni msharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri, na ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake hapa mtaani kwetu, yani kikundi cha kuweka na kukopeshana. Naomba mnisome mpaka mwisho maana mkiishia katikati mtanielewa vibaya.

Sebuleni kwangu kati ya kochi na friji kuna cherehani ya miguu ambayo sio yangu. Nimeifunika kanga, hii ni wiki ya tatu. Mtoto wangu wa mwisho akirudi shule anapenda kukanyaga lile kanyagio, nikisikia ule mlio nikiwa jikoni moyo unanipasuka, namfokea mtoto wa watu bure hajui kosa lake.

Mwenye cherehani nitamwita Fundi tu maana ndo tunavyomwita wote. Tuko naye jumuiya moja, Jumamosi asubuhi tunasali nyumba kwa nyumba, tunaimba naye kwaya, mwanangu wa kwanza nguo ya kipaimara alishona yeye na hela ya ushonaji alikataa, alisema hiyo ni zawadi yake kwa mtoto. Na kwenye kikoba tuko naye kundi moja la watano. Kwa wasiojua, kikoba chetu kina wanachama 30, tumegawanyika watano watano, mmoja akikopa wale wanne wenzake wanamdhamini. Unanunua hisa kila wiki, unaruhusiwa kukopa mara tatu ya hisa zako, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, na katiba tunayo. Tangu ile sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 tulisajiliwa hadi halmashauri, yani sio kikundi cha kubabaisha.

Mwezi wa tatu Fundi alikuwa na hisa za laki nne akakopa milioni moja na laki mbili, riba asilimia 10, arudishe ndani ya miezi sita. Alisema anataka mashine ya ovaloki na majora ya kitambaa cha sare. Nikasaini kumdhamini bila hata kufikiri mara mbili, maana huyu ni mtu anayeamka saa kumi usiku kushona.

Mwezi wa nne mume wake akapata ajali. Alikuwa dereva wa bodaboda ya mkataba, mguu ulivunjika sehemu mbili, akalazwa wiki tatu na kuwekewa vyuma, bima hawana, na mwenye pikipiki akaja kuichukua pikipiki yake ilivyo. Ile hela ya ovaloki ikaishia hospitali yote. Hapo sasa ndo kosa la Fundi lilipoanza, hakutuambia. Alileta marejesho kidogo kidogo mpaka ikafika laki tatu na nusu, alafu akaacha kuja vikao, simu anapokea siku moja siku mbili hapokei, na jumuiya nako akaacha kuja. Mwezi wa tisa muda ukaisha. Deni na riba lilikuwa 1,320,000, toa alicholipa inabaki 970,000, tukikata na hisa zake bado kuna 570,000. Hiyo kwa katiba yetu inatuangukia sisi wadhamini wanne, kila mtu 142,500.

Kilichowasha moto zaidi ni harusi. Kuna binti wa mtaani kaolewa mwezi wa kumi, kwenye lile grupu la michango Fundi akaonekana katoa elfu hamsini. Wanawake wakachachamaa, ana hela ya harusi ya deni hana! Na mimi siwezi kusema uongo mbele yenu, nilichukia kuliko wote. Niliona katudharau.

Kikao kikaamua zifuatwe mali. Tulienda jioni, tulikuwa tisa pamoja na mjumbe. Naomba niwaeleze ilivyokuwa maana hapa ndo panaponinyima usingizi. Tulipobisha hodi Fundi mwenyewe ndo alifungua, akatuona sisi, nyuso za jumuiya, nyuso za kwaya, akasema karibuni sana wapendwa, mgonjwa anaendelea vizuri. Alidhani tumekuja kumwona mgonjwa. Akamtuma mtoto kwa jirani akaazime viti. Mtoto kakimbia kweli, na amerudi na viti viwili vya plastiki kichwani wakati mwenyekiti ameshasoma barua.

Hakubishana hata neno moja. Kwenye mashine kulikuwa na sketi ya shule ya bluu, marinda yameshonwa upande mmoja tu. Mwenyekiti akamwambia toa hicho kitambaa. Akainama akakata uzi kwa meno, akaikunja ile sketi vizuri kabisa kama anampelekea mteja, akaiweka kitandani miguuni kwa mume wake. Mume wake akageukia ukutani. Cherehani ikabebwa na mimi kama mweka hazina nikasaini karatasi ya kuipokea, ikaja kwangu kwa sababu ndo kwenye sanduku.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Chakula cha Bwana. Fundi alikuja kanisani, kakaa benchi la nyuma, na watu walipoanza kupanga mstari kwenda mbele niliona anatoka nje na kanga yake kichwani. Mimi nilikuwa nimeshasimama, nikakaa. Mpaka leo sijaenda mezani, hii itakuwa mara ya pili. Najua Yesu alivyosema, ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako acha sadaka yako madhabahuni uende kwanza mkapatane. Lakini nikijiuliza naenda kumwambia nini wakati mali yake iko kwangu, nakosa neno la kuanzia.

Mume wangu ananiambia nisijitese, kafanya kosa na katiba alisaini mwenyewe. Akanitajia Mithali kule kwenye kudhamini watu, nikafungua Biblia nisome, katika kufuata marejeo ya pembeni nikaangukia Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Jamani sijawahi kuhubiriwa sura hiyo tangu nizaliwe. Inasema mtu asichukue rehani jiwe la kusagia kwa sababu hapo amechukua uhai wa mtu. Alafu chini yake inasema ukimkopesha jirani yako usiingie nyumbani kwake kuchukua rehani, simama nje, yeye mwenyewe ndo akutolee. Nilisoma nikaangalia ile cherehani chini ya kanga nikafunga Biblia. Sisi tulifanya yote mawili siku moja. Tuliingia mpaka chumbani kwa mgonjwa na tukabeba jiwe la kusagia.

Na nikikumbuka Katekisimo Ndogo ya Luther, niliikariri kule Machame mwaka 1998 nikijiandaa na kipaimara, mwalimu wetu alikuwa mkali hukosei neno. Amri ya saba, usiibe, maelezo yake hayaishii kwenye kutochukua cha mtu, yanasema pia tumsaidie jirani kuitunza na kuiongeza mali yake na riziki yake. Nilijibu hilo swali mbele ya mchungaji nikapasi. Sasa hivi ni mwezi wa kumi na moja, wazazi wote wanatafuta fundi wa sare za Januari, huu ndo msimu ambao Fundi angeweza kulipa deni, na cherehani iko kwangu imefunikwa. Ukiiuza wanatoa laki mbili na themanini, nusu ya deni haifiki. Kwa hiyo tutakuwa tumemmaliza na deni bado lipo, na njia itakayobaki kwake ni kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza. Mtaani kwetu hao watu wanapita na vipeperushi mpaka sokoni, namjua mama aliyeanza na mkopo wa laki moja akaishia kuhama usiku na watoto.

Mtaniambia basi rudisha, kuna nini cha kuuliza. Ngojeni kwanza. Kwenye kikoba tunaye bibi mjane, anauza vitumbua, hisa zake kazikusanya mwaka mzima kwa elfu tano tano akisubiri tugawane Desemba apate bati, chumba chake kinavuja kuanzia mlangoni mpaka kitandani. Alinishika mkono baada ya kikao akaniambia, mwanangu, mimi namhurumia sana Fundi, lakini huruma yenu mnaitoa kwenye bati zangu? Sikuwa na jibu. Hela ya sanduku sio yangu niitumie kuwa mwema. Nikimhurumia mmoja kwa jasho la mwingine huo upendo ni wa namna gani? Paulo kwenye Wagalatia sita anasema “mchukuliane mizigo”, unashuka mistari mitatu tu anasema “kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe”. Nimelisoma mara nyingi nikitafuta mpaka uko wapi, mzigo upi ni wetu na furushi lipi ni la Fundi peke yake.

Nikawaza nilipe mimi. Nina laki sita nimeiweka kwa ajili ya binti yangu, anamaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi huu, ni ya maandalizi ya kidato cha tano. Nikilipa ile 570,000 mambo yanaisha kesho. Mume wangu kasema nikifanya hivyo nisimshirikishe, yani kakasirika. Na moyoni nahofia kitu kingine, je nitakuwa nalipa kwa kumpenda Fundi au nalipa ili nipate usingizi wangu? Na yeye atanitazamaje kila tukikutana, atakuwa rafiki yangu au mdaiwa wangu?

Alafu juzi, na hili bado sijamwambia mtu hata mwenyekiti, nilikuwa naandaa hesabu za kufunga mwaka nikapitia kifungu cha mfuko wa jamii. Katiba yetu inasema mwanachama au mwenza wake akilazwa zaidi ya siku tatu anapewa laki moja. Mume wa Fundi alilazwa wiki tatu! Hatukumpa hata senti. Nakumbuka kuna mtu alisema kikaoni asiyehudhuria hana haki, tukapita juu kwa juu, lakini nimesoma kifungu kile neno kwa neno hakisemi hivyo, na mwezi wa nne alikuwa bado anahudhuria. Jumuiya tulichanga elfu sitini tukaenda hospitali mara moja tukaomba tukaondoka, hakuna aliyemuuliza dada unalipaje hapa. Kwa hiyo na sisi tunadaiwa. Fundi alituficha lakini na mimi mwenye daftari nilinyamaza, na tulipoenda kwake na mjumbe hakuna aliyebeba laki yake moja.

Hiyo elfu hamsini ya harusi nayo nimekuja kuielewa. Mama wa bibi harusi ndo alimpokea Fundi wakati anahamia mtaani, alimpa chumba miezi miwili bila kodi. Nimeambiwa na jirani. Angeanzaje kutochangia.

Kikao ni Jumapili hii saa nane mchana na ajenda ya kuuza cherehani ipo. Ninachofikiria ni kwanza nisimame nikiri suala la ile laki moja, deni lishuke mpaka 470,000. Alafu niombe cherehani irudi kwake kabla msimu haujaisha kwa makubaliano ya maandishi, kila sare anayoshona kiasi fulani kinakuja kwenye deni mpaka Desemba, na sisi wadhamini wanne tujaze kitakachopungua ili bibi na wengine wapate chao siku ya kugawana, Fundi aje atulipe sisi wanne taratibu mwakani. Wadhamini wawili kati yetu nawajua watakataa, mmoja ndo aliyekuwa wa kwanza kusema mali zifuatwe. Na mwenyekiti atasema nikimlegezea huyu mwakani wote watalala na hela, na hapo hakosei sana, nimeshaona vikoba viwili vimekufa hivyo hivyo.

Wapendwa, hasa mliowahi kushika uongozi wa kikoba au saccos, na wachungaji na wazee wa kanisa kama mnapita hapa, nisaidieni. Mpango huu ni wa haki au nakiumiza kikundi? Wadhamini wakikataa, nilipe mimi peke yangu hata kama nyumbani kwangu hatujaelewana? Na kubwa kuliko yote, nianze kwa nani? Nikienda kwa Fundi kabla ya kikao naweza kumpa tumaini ambalo wenzangu watalikataa Jumapili, na nikisubiri kikao basi nitakuwa tena naenda kwake na maamuzi ya watu badala ya kwenda kama dada yake. Jana nilitoka mpaka kona ya kwake, nikaona taa inawaka, nikasikia watoto wanasoma kwa sauti, nikarudi.

Yule mzazi mwenye sketi ya bluu ni jirani yangu pia. Aliniuliza leo kama namjua fundi mwingine.

Mama wa watatu,
Kimara