Kabla hamjanunua kioo kipya

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu. Barua yako nimeipata pamoja na zile picha tatu za kioo cha mbele cha gari la Baba. Ile uliyoipiga jua likiwa limeinama ndiyo iliyonifaa. Hizo nyingine mbili zinaonyesha kidole chako kuliko kioo.

Unasema kioo kina ukungu usioisha hata waipa zikipita, Baba ameacha kuendesha usiku, analalamikia macho, na Mama ameshaanza kuulizia kioo kipya. Naomba msinunue chochote kwanza. Mimi nilibadilisha waipa mara mbili ndani ya miezi minne, na kila mvua iliponyesha ukungu ulikuwa uleule. Kumbe ni nta. Nilikuwa naosha gari kwenye mashine, na ile nta inayonyunyiziwa mwishoni ili rangi ing'ae hutua hadi kiooni. Waipa zangu, mpya kabisa, zilikuwa zinaipakaza tu huku na huku, kama mtu anayefuta meza kwa kitambaa chenye mafuta. Fedha yangu ilienda bure, na aibu nilibaki nayo.

Anza na mpira wa waipa, maana ndio rahisi. Inua mkono wake, lakini tandika taulo juu ya kioo kwanza. Mkono ule una springi, ukikuponyoka unaweza kukipasua kioo, na hapo Mama atapata kioo chake kipya bila mjadala. Futa ukingo wa mpira kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, urudie hadi weusi upungue. Kisha upitishe kidole polepole. Ukiona mstari mmoja mwembamba wa maji unaobaki palepale kila waipa inapopita, basi hapo mpira umechanika au umebana punje ya mchanga. Wangu ulichanika asubuhi moja ya barafu, nilipowasha waipa zikiwa zimeganda kiooni.

Kama waipa inarukaruka na kulia, ikiacha alama kama mbavu, mpira umekauka. Mpira mzima hujipindua kila unapogeuza mwendo. Uliokakamaa hukataa kugeuka, ukawa unasukumwa badala ya kuburutwa. Ukiweka mpya na bado unaruka, tazama mkono wenyewe, huenda umepinda: mpira unatakiwa usimame wima juu ya kioo. Na pakibaki ukanda mpana usioguswa kabisa, mpira haukigandamizi kioo sawasawa, pengine springi imechoka.

Sasa kioo. Kioshe kwa maji mengi na sabuni kabla ya kusugua chochote, la sivyo mchanga uliomo utakuwa msasa mikononi mwako. Suuza, halafu mwagia maji safi na utazame tu. Yakitandaa kama shuka, kioo ni safi. Yakijikusanya matone matone na kuacha visiwa vikavu, kuna mafuta au nta, isipokuwa kama mliwahi kupaka ile dawa ya kufukuza maji. Mafuta yanatoka kwa spiriti: kitambaa kimoja cha kufutia, cha pili kikavu cha kumalizia, na usivichanganye. Yale madoa meupe ya duara ninayoyaona pembeni kwenye picha yanafanana na chokaa ya maji magumu, spiriti haiyawezi. Hayo yanataka siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Loweka kitambaa, kilaze juu ya doa dakika chache, kisha suuza vizuri ili siki isikae kwenye rangi ya gari.

Usisahau upande wa ndani. Dashibodi ikipigwa na jua hutoa mvuke unaoganda kiooni kama utando, na utando huo ndio unaofanya taa za gari linalokuja zitawanyike usiku. Nje futa kwa kupanda na kushuka, ndani kwa kwenda kulia na kushoto. Mchirizi ukibaki, mwelekeo wake utakuambia uko upande gani.

Kinachonitia wasiwasi ni ile alama ya upinde ninayoiona kwenye picha, mbele ya kiti cha dereva. Haifanani na uchafu, inafanana na mkwaruzo. Safisha kwanza, kisha upitishe ukucha kwa kuikatiza. Ukucha ukiteleza bila kunasa, kuna poda ya kung'arishia vioo iitwayo seriamu oksaidi, inachanganywa na maji na kusuguliwa kwa pedi laini, kioo kikiwa kimelowa muda wote na pasipo kuganda mahali pamoja hadi papate moto. Ukucha ukinasa, acha. Mkwaruzo wa kina ukiusugua hadi uishe, unabaki na bonde linalopindisha picha ya barabara, na bonde mbele ya macho ya dereva ni baya kuliko mkwaruzo. Hapo Mama atakuwa sahihi, nami nitachangia.

Mikwaruzo ya namna hiyo hutokea mpira ukiisha na chuma kikagusa kioo, au waipa ikiwashwa juu ya vumbi kavu. Sote tunajua nani huwasha waipa kavu. Mwambie kwa adabu arushe maji kwanza, na mle kwenye tangi la maji ya waipa asitie tena sabuni ya vyombo, maana inaacha utando.

Mkimaliza, subirini giza liingie. Mwombe Baba akae kwenye usukani gari likiwa limesimama, nawe uje na gari jingine kwa mbele, taa zikiwaka. Muulize taa anazionaje. Akisema bado zinamwagika, basi usimwachie visingizio, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo.

Nijibu upesi habari ya ukucha, hayo mengine yanaweza kusubiri. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Dada yako akupendaye.