Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Saa Zetu Bila Tangazo Mtandaoni

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na wote kwa jumla habari za asubuhi.

Hesabu atazisoma mweka hazina, na habari za mnara mlizipata kwenye kikao kilichopita, sitazirudia. Nitasema jambo moja tu, lile lililofanya simu yangu isipoe mwaka mzima: vipindi visivyo na matangazo ya biashara kwenye redio yetu ya mtandaoni.

Neno lenyewe lilituponza mapema. Tulibandika karatasi ofisini kwamba kutakuwa na saa bila matangazo, mzee mmoja akaja mbio kuuliza kama redio inafungwa. Alikuwa na haki. Kwetu sisi taarifa ya habari ni matangazo, msiba ni tangazo, na sabuni ni tangazo. Tulikusudia sabuni.

Anayetusikiliza kwa FM hapa Tanga anasikia matangazo yanayotoka studio. Anayetusikiliza kwa simu, awe Dar es Salaam au Muscat, anawekewa mengine na seva, yaani kompyuta inayorusha redio yetu mtandaoni, na seva haijui studio kuna nini. Yenyewe inafuata saa. Kwa hiyo kamati ilitenga nyakati mbili za kuinyamazisha: kila siku kuanzia saa 12:10 jioni hadi saa 1:00 usiku kwa ajili ya adhana ya magharibi, na Jumapili saa 3 hadi saa 5 asubuhi kwa ajili ya ibada. Wiki ya kwanza kijana wetu wa kujitolea aliandika 12:10 kama tunavyosema sote, mashine ikaelewa mchana. Hilo lilirekebishwa siku hiyohiyo, tukacheka, tukadhani tumemaliza.

Ikaja Jumapili ya tarehe 31 Machi. Ilikuwa Pasaka, na ilikuwa Ramadhani. Asubuhi, saa 4 imepita kidogo, mahubiri yamekolea, kwenye simu za watu likaingia tangazo la mabati ya rangi. Jioni, muadhini ameanza tu, likaingia la magodoro. Mimi nilikuwa nyumbani na redio ya FM, sikusikia lolote. Nilijua mchungaji aliponipigia, na kabla sijameza tende ya pili akapiga mwanachama wetu wa Muscat. Wao kule wako mbele yetu saa moja na walikwishafuturu zamani, lakini adhana ya nyumbani huwa wanaisubiri. Aliniuliza, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "Mwenyekiti, hata hii nayo mmeiuza?"

Kosa lilikuwa letu. Seva tuliyokodi iko Ujerumani, na tuliiacha iende kwa saa za huko, ratiba tukaipanga kwa kutoa saa mbili. Usiku ule Ulaya walisogeza saa zao mbele, kama wafanyavyo kila Jumapili ya mwisho ya Machi. Tofauti ikabaki saa moja, na ukimya wetu ukawahi kwa saa nzima. Mabati yakapata mlango wazi. Nawaomba radhi tena waumini wa pande zote mbili. Sasa seva inasoma saa za Dar es Salaam, ambazo hazisogei.

Mei kulikuwa na shida ya aina nyingine. Tarehe 12 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikawa ya kudonoa. Msikilizaji akikatika na kuunganishwa upya, seva ilimhesabu mgeni na kumwekea tangazo la kumkaribisha. Akikatika mara kumi, anakaribishwa mara kumi. Tangazo la sekunde 30 kwa kiwango chetu cha kilobiti 64 kwa sekunde ni kama kilobaiti 240. Si kitu, lakini ni bando lake, na amelilipia kusikiliza redio. Tumeweka kwamba anayerudi ndani ya nusu saa haguswi.

Lililotugawa zaidi ni tangazo la msiba. Linalipiwa, kwa hiyo wengine walisema ni biashara, lisubiri. Wengine wakasema maziko hayasubiri, na mtoto wa marehemu yuko njiani anasikiliza kwa simu. Tulikaa hadi chai ikapoa. Uamuzi: msiba unapita saa yoyote ile, ila adhana na sala haukatizi, unasomwa mara baada yake.

Kuhusu wadhamini, nilishindwa kwa kura na naliheshimu hilo. Duka moja limelipia ukimya wa magharibi, na jina lake husomwa mara moja kabla haujaanza. Mimi naona tangazo linalotangaza kutokuwepo kwa matangazo bado ni tangazo. Ila kodi ya seva ya robo ya mwisho imetoka humo, na mweka hazina ameniangalia vibaya vya kutosha.

Sasa niombe kura yenu. Jua la Februari linachelewa kutua karibu nusu saa kuliko la Mei, ndiyo maana tumefunga dakika 50 kwa ajili ya adhana isiyofika dakika tano. Kamati inapendekeza tuache saa, tufuate kitufe: mtangazaji akibonyeza, seva inanyamaza, akibonyeza tena, inarudi. Nimekiona kikijaribiwa Novemba. Ni kitufe chekundu kando ya maikrofoni, kimezungushiwa utepe ili asikibonyeze kwa kiwiko. Ubaya wake ni binadamu. Usiku mmoja zamu iliondoka bila kukirudisha, tukalala bila tangazo hata moja hadi alfajiri, na wafanyabiashara wawili tukawalipa kwa kuwarudishia nafasi zao. Kwa hiyo tunaomba kitufe kijifungue chenyewe baada ya dakika 15, isipokuwa wakati wa ibada.

Mkikubali, kitaanza kazi mwanzoni mwa Ramadhani ijayo. Tarehe 30 Machi 2025 Ulaya watasogeza saa tena, kwetu itakuwa saa 10 usiku, nasi tutakuwa ukingoni mwa mwezi. Fundi ameniapia kwamba safari hii seva haitatikisika. Hata hivyo usiku huo yeye na mimi tutakuwa studio, na kwa kuwa ni wakati wa daku, jirani yeyote mwenye uji wa ziada mlango hautafungwa.